Mlango Usiofunguliwa

Mhariri wa jarida letu alipotutaka tuandike juu ya jambo tulilojifunza wakati wa likizo, wenzangu wengi walichagua habari za kilimo, za safari, na za kazi za mikono. Mimi nimechagua habari za mchezo wa video. Nawaomba walimu wasikunje uso kabla ya kufika mwisho, na wazazi wasiseme kwamba watoto wao wamepotea. Mchezo wenyewe ni wa kutisha, lakini uliyoyafunua kwangu si ya mchezo.

Desemba iliyopita mimi na binamu yangu, mtoto wa shangazi, tuliondoka Lipingo kwenda Songea kwa baba mdogo. Binamu yangu na mimi tumezaliwa mwaka mmoja. Tulijifunza kupiga kafi katika mtumbwi mmoja, na tulipokuwa wadogo watu walituita mapacha. Lakini katika safari ile, tangu tulipoliacha ziwa mpaka tulipokwisha kuvuka milima ya Umatengo, hatukusemezana ila maneno ya lazima: shika mzigo, sogea kidogo, tumefika. Sababu yake nitaieleza mbele.

Nyumbani kwa baba mdogo yuko kaka yetu mkubwa, ambaye anasoma chuo. Yeye ana mashine ya PlayStation 4 aliyoinunua kwa mtu, ikiwa imekwisha tumika. Kwa kawaida vijana huitumia kwa kucheza mpira, na kelele zake zasikika mpaka barabarani. Usiku wa pili wa likizo kaka akasema, "Mpira kila siku wachosha. Leo nitawaonyesha mchezo wa kuchagua." Akatia sahani ya mchezo uitwao Until Dawn, maana yake Mpaka Alfajiri. Kwa kuwa umewekewa alama ya watu wa miaka 18 na zaidi, mdogo wetu wa darasa la sita aliamriwa kwenda kulala. Alikwenda, lakini baadaye tuliona jicho lake katika ufa wa mlango.

Kwa wasioujua, nieleze kidogo. Mchezo huu ulitengenezwa Uingereza na kampuni iitwayo Supermassive Games, ukatolewa Agosti 2015. Vijana wanane wanakutana katika nyumba kubwa mlimani, katika nchi ya theluji huko Kanada. Mwaka mmoja kabla, marafiki walimfanyia mzaha mbaya msichana mmoja, naye akatoka mbio usiku, dada yake akamfuata, na wote wawili wakapotea. Sasa kaka yao, jina lake Josh, amewaita marafiki wale wale wakutane tena. Kazi ya mchezaji ni kuwafikisha vijana hao alfajiri wakiwa hai. Mlimani kuna wendigo, nalo ni zimwi la hadithi za wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Yasemekana mtu huwa wendigo akila nyama ya mtu mwenzake.

Mchezo wa namna hii haukutaki upige risasi nyingi wala ukimbie sana. Unatazama kama sinema, kisha mambo yanasimama, na njia mbili zinaonyeshwa: sema kweli au danganya, kimbia au jifiche, fuata sauti au endelea mbele. Muda wa kuchagua ni mfupi. Ukikwisha kuchagua, mashine inaandika chaguo lako yenyewe, wala huwezi kurudi nyuma hatua moja ukajisahihisha. Mtu wako akifa, amekufa, na hadithi inaendelea bila yeye. Kuna na mahali ambapo wapaswa kushika pedi bila kuitikisa hata kidogo, maana zimwi linatafuta kitu kinachotikisika. Hapo sote watano tulizuia pumzi, hata bibi aliyekuwa akitazama kutoka kitini kwake.

Bibi alikuwa Songea kwa matibabu ya macho. Alivumilia kutazama kwa saa nzima, halafu akauliza, "Hawa watoto wana akili kweli? Ni usiku, wako porini, mwenzao amepotea, nao wanagawanyika wawili wawili?" Tulicheka sana. Tangu siku ile nimesikia wachezaji wengi wakitoa maoni juu ya michezo ya kutisha, lakini sijasikia lililo la haki kuliko hilo la bibi.

Kama ilivyo desturi ya watu wanaocheza mchezo huu wakiwa wengi, tuligawana watu. Kaka mkubwa alimchukua Mike. Dada alimchukua Emily pamoja na Sam, wasichana wawili. Mimi nilimchukua Chris, mvulana mcheshi mwenye miwani. Binamu yangu alimchukua Ashley, msichana ambaye Chris anampenda lakini hajamwambia. Pedi ilizunguka kutoka mkono hadi mkono kama kata ya togwa.

Sasa naomba radhi kwa wale wanaotaka kuucheza mchezo huu, maana nitataja siri zake. Chris anakuta Josh na Ashley wamefungwa kwenye ubao, na msumeno unazunguka mbele yao. Anaambiwa aokoe mmoja. Nilimwokoa Ashley, na msumeno ukamwendea Josh. Kaka mkubwa, ambaye alikwisha maliza mchezo mara tatu, akacheka, akasema, "Hata ungemchagua Josh, msumeno ungemwendea Josh yule yule."

Kisha Chris na Ashley wanafungwa kwenye viti wakitazamana. Mezani pana bastola. Sauti inamwambia Chris ampige Ashley au ajipige mwenyewe, na juu ya vichwa vyao misumeno inashuka. Dada alipiga kelele, "Jipige mwenyewe!" Lakini mimi nilijiambia kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba nikimpoteza Chris sitakuwa na mtu wa kucheza naye. Nikamwelekezea Ashley bastola nikabonyeza. Risasi ikalia, lakini Ashley hakufa, maana risasi zilikuwa za bandia. Yote yalikuwa mzaha wa Josh, aliyetaka kulipiza kisasi cha dada zake, hata kifo chake kwenye msumeno kilikuwa cha uongo. Nilivuta pumzi. Nikasema, "Mnaona? Hakuna kilichobadilika."

Binamu yangu hakusema kitu.

Baada ya muda Chris anatoka nje, na mara hii zimwi ni la kweli. Linamfukuza katika theluji. Nilipiga risasi pale palipotakiwa, sikukosea hata kitufe kimoja, nikamfikisha Chris kwenye mlango wa nyumba. Anapiga mlango, analia afunguliwe. Ashley yuko upande wa pili. Anamsikia, wala hafungui. Zimwi likamfikia Chris pale pale mlangoni, na habari zake zikaishia hapo.

Nilimgeukia binamu yangu kwa hasira, nikamwambia, "Mbona hukufungua?" Akainua mikono yake miwili, haikuwa na kitu. Pedi ilikuwa mapajani mwangu mimi. Akasema, "Sikubonyeza chochote. Hapakuwa na cha kubonyeza." Ndipo kaka mkubwa akaeleza kwamba mlango ule ulifungwa tangu wakati wa bastola. Kama Chris hakumpiga Ashley, Ashley hufungua. Kama alimpiga, hafungui. Mchezo haumuulizi mtu mara ya pili.

Binamu yangu alinitazama kidogo, kisha akaangalia chini. Nilijua anawaza nini, kwa kuwa nami nilikuwa nawaza jambo lile lile.

Juni ya mwaka ule ule, sisi wawili tulitoka alfajiri kwenda kutegua nyavu. Kila mtu wa ziwani anajua kwamba kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini huvuma kwa nguvu katika Ziwa Nyasa, na maji yaliyolala kama mkeka huamka yakawa milima. Tuliuona upepo unakuja, tukasema tutawahi. Hatukuwahi. Wimbi lilitupiga ubavuni, mtumbwi ukapinduka. Palikuwa na dumu moja tupu la lita 20 tulilolitumia kuwa chelezo cha nyavu. Mimi ndiye niliyelishika. Binamu yangu aliita jina langu. Nililisikia jina langu mara mbili, nami nikaogelea kuelekea pwani nikiwa na dumu kifuani, wala sikugeuka.

Yeye aliung'ang'ania mtumbwi uliopinduka. Upepo ukamsukuma mpaka mbali, na wavuvi wengine wakamtoa akiwa anatetemeka. Wote wawili tulipona. Nyavu zilipotea, lakini nyavu hununuliwa. Wazee walipouliza, mimi nilijibu kwanza, nikasema, "Tulipotezana katika mawimbi." Binamu yangu alilisikia neno hilo, hakulikanusha. Shangazi alinishukuru Mungu kwa ajili yetu wote, akatupikia samaki. Nami nikajiambia maneno yale yale niliyoyasema mbele ya bastola: hakuna kilichobadilika. Lakini tangu siku ile binamu yangu hakupanda tena mtumbwi mmoja nami. Kila mara alikuwa na kazi nyingine.

Mchezo tuliumaliza usiku uliofuata. Katika vijana wanane, watatu tu waliuona mwanga. Asubuhi yake, wakati wa chai, mabishano yakaanza, na nadhani ndiyo mabishano ya wachezaji wa michezo hii popote walipo.

Kaka mkubwa alisema kuchagua kule ni udanganyifu. "Fanyeni hesabu," akasema. "Watu wanane, kila mmoja aweza kuwa hai au maiti. Mbili zidisha kwa mbili mara nane, mwapata namna 256. Ni nyingi. Lakini katika zote nyumba ile inaungua mwishoni, na katika zote Josh harudi nyumbani mzima." Akaeleza kwamba watengenezaji hawana njia nyingine. Kila tendo laigizwa na watu wa kweli, na nyuso zao na mienendo yao hunaswa kwa kamera. Josh mwenyewe aliigizwa na Rami Malek, ambaye baadaye alipata tuzo ya Oscar mwaka 2019. Kila njia mpya ni gharama mpya, basi njia hugawanyika kidogo kisha hukutana tena, kama vijito vinavyoizunguka jabali. Akatoa mfano wa The Quarry, mchezo mwingine wa kampuni ile ile uliotolewa mwaka 2022, ambao ulitangazwa kuwa na miisho 186. "Mimi," akasema, "nikiona miisho 186, nauliza ni mingapi iliyo tofauti kweli."

Dada alimpinga. Yeye alikuwa na uchungu wake, maana Emily aliumwa na zimwi, na wenzake wakaogopa kwamba naye atageuka zimwi. Kaka, aliyekuwa na Mike, alimpiga risasi. Kisha Ashley akasoma katika daftari la zamani kwamba kuumwa hakumgeuzi mtu. "Hadithi ilikwenda mbele," alisema dada, "lakini ninyi mlimwua rafiki yenu kwa hofu, na ulijua kwa sababu umecheza mara tatu!" Kaka akajitetea kwamba alitaka tu kuona itakuwaje. Dada akasema hilo ni baya zaidi.

Binamu yangu ndiye aliyetoa neno ambalo sikulitazamia. Alisema alipata kuona katika simu ya rafiki yake mchezo mwingine, The Walking Dead, ulioanza kutolewa mwaka 2012 na kampuni ya Telltale Games ya Marekani. Mle ukimjibu mtu, maandishi madogo hutokea pembeni kukuarifu kwamba mtu yule atalikumbuka jambo hilo. "Wachezaji wengi hulalamika," akasema, "kwamba maandishi yale ni ya bure, hadithi haibadiliki. Lakini mimi nadhani hawakusoma vizuri. Hayasemi hadithi itabadilika. Yanasema mtu atakumbuka." Halafu akanywa chai yake.

Bibi alikuwa akisikiliza. Akasema mambo hayo ya kuchagua si mapya, nao walikuwa nayo bila mashine wala umeme. Akatutegea hadithi ambayo wengi wenu mmeisikia kwa namna moja au nyingine, maana imeenea pande nyingi za Afrika. "Mtu yuko mtumbwini na mama yake, mkewe, na mwanawe. Mtumbwi umepinduka. Aweza kumchukua mmoja tu. Amchukue nani?"

Tulibishana kama kawaida. Kaka alisema mtoto, kwa kuwa ana miaka mingi mbele. Dada alisema mama, kwa kuwa mama ni mmoja. Mdogo wetu, ambaye sasa aliruhusiwa kusema, alisema mke, kwa sababu yeye atapika. Mimi nilinyamaza.

Bibi akangoja tumalize. Akasema, "Haya. Amekwisha mchukua mmoja. Sasa wale wawili aliowaacha walishika gogo, nao wakatoka salama. Jioni wote wanne wamekaa kwenye sahani moja ya ugali. Huyo mtu atawaambia nini?"

Hakuna aliyejibu. Kaka alisema hadithi ile haina mwisho. Bibi akasema, "Ninyi tangu jana mwaulizana nani amekufa. Mimi nauliza habari za waliobaki."

Bibi hakujua habari za Juni. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa akisema tu kama wazee wasemavyo, huku akitafuta miwani yake. Lakini mimi sikuweza kuimaliza chai yangu.

Usiku ule nilimkuta binamu yangu amekaa barazani peke yake. Kaka mkubwa alikuwa ndani, ameanza mchezo upya toka sura ya kwanza ili safari hii awaokoe watu wengi zaidi. Muziki wake wa kutisha ulisikika dirishani. Nikawaza kwamba hiyo ndiyo nafuu ya mchezo: sahani ile ile, nyumba ile ile, na Ashley asiyekumbuka kitu. Nikakaa. Nikamwambia, "Siku ile sikukupoteza katika mawimbi. Nilikusikia."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Najua ulinisikia. Dumu lile halikutosha watu wawili, nami naweza kuliona hilo. Sikukasirika kwa ajili ya dumu. Lakini hukugeuka kuona kama nimeshika kitu. Na ulipofika pwani ukasema tulipotezana, nami nikawa sina la kusema, maana ningesema kweli ningekuaibisha mbele ya mama yangu."

Nikamwomba radhi. Hakunijibu kwamba amenisamehe. Alisema tu, "Mwambie mama."

Wasomaji wapenzi, ningependa kuwaambia kwamba nilikubali mara moja. Sivyo. Nilihesabu sababu za kukataa: kwamba jambo limepita, kwamba wote tu wazima, kwamba shangazi ataumia bure. Njia mbili zilikuwa mbele yangu kama katika ule mchezo, ila hapakuwa na saa ya kunihimiza. Kwa sababu hiyo nilichukua siku tisa.

Tuliporudi Lipingo nilimkuta shangazi uani, anachekecha unga wa muhogo. Nilimweleza yote, tangu upepo mpaka dumu, tangu jina langu mara mbili mpaka uongo nilioutoa. Binamu yangu alisimama mlangoni akisikiliza. Shangazi hakuacha kuchekecha. Nilipomaliza aliendelea mpaka chekecheo likawa tupu, akalikung'uta, akaliweka chini. Sikuwahi kuona kazi iliyochukua muda mrefu kama ile.

Mwisho akasema, "Kesho mtakwenda kutegua nyavu pamoja. Na madumu yawe mawili."

Tulikwenda. Hatukusema mengi. Desemba ziwa huwa limetulia zaidi, na asubuhi ile milima ya upande wa pili, nchi ya Malawi, ilionekana wazi. Binamu yangu alikaa mbele, mimi nyuma, kama zamani. Tulipofika kwenye chelezo aligeuka kutazama kama niko tayari kuvuta, nami nilikuwa tayari.

Wenzangu shuleni, waliosikia kwamba nimecheza Until Dawn, huniuliza kama ni mchezo mzuri. Huwajibu kwamba ni mzuri, ingawa bibi yuko sahihi juu ya akili za vijana wale, na kaka yuko sahihi kwamba nyumba itaungua tu. Lakini wanapouliza kama kuchagua kwake kuna maana, huwaambia wamchukue Chris, wafanye kama nilivyofanya mimi, kisha waende wakapige hodi kwenye ule mlango.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita